Barua ya Msituni Si Ya Kupigwa Bei Inboksi

Kuna msee ameniandikia inboksi akiuliza kama najua familia yoyote Meru ama Embu yenye barua ya vita vya Mau Mau. Masharti yake: iwe imeandikwa kwa mkono na iwe na sahihi ya jina kubwa. Mwariama ni sawa. Kimathi, tutaongea vizuri. Nimemwambia zii.

Hizo karatasi ni adimu kwa sababu. Tangu hali ya hatari itangazwe Oktoba 1952, kupatikana na barua ya msituni kungekupeleka kizuizini. Ukisikia mwanajeshi anapekua kwa jirani, unafanya nini? Unaichoma. Kama moja ilibaki, kuna mtu aliificha akijua inaweza kummaliza.

Na karatasi zimetufanyia kazi. Maina wa Kinyatti alikusanya maandishi ya Kimathi na wenzake, kitabu kikatoka 1987. Wakati huo mwenyewe alikuwa jela, amefungwa tangu 1982 kwa kupatikana na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi. Kenya huru hiyo, si mkoloni! Halafu 2011 Uingereza ikakubali kwamba ilikuwa imeficha mafaili karibu 1,500 ya Kenya huko Hanslope Park. Yalisaidia kesi ya wazee wetu, na 2013 wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Sasa fikiria hayo yote yangekuwa kwa fremu, sebuleni mwa tajiri fulani.

Lakini kinachonikera zaidi ni hii tamaa ya sahihi. Mwariama alikaa msituni hadi uhuru wa 1963. Alikula nini? Kuna wamama walipeleka chakula usiku, na hakuna anayewatafuta. Mimi ukinipa barua ya mtu nisiyemjua akiomba chumvi na dawa, nitakaa nayo siku nzima. Huyo mnunuzi ataipita tu.

Najua mtaniambia shosho anahitaji doo ya hospitali leo, na makumbusho haitamlipa. Ni kweli, na sina jibu tamu. Mimi singeuza, lakini siwezi kumhukumu shosho wa mtu. Kama lazima iende, basi piga picha kwanza, pande zote mbili. Mrekodi shosho akieleza ni nani aliileta na ilifichwa wapi, kwa Kimeru ama Kiembu, vile anavyoongea. Usibandike selotepu, na tafadhali usiipeleke laminesheni.

Makumbusho ya Meru iko hapo mjini, na Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi. Ulizia kama watachukua nakala, barua yenyewe ibaki nyumbani. Na kabla ya kufungua lile sanduku la chini ya kitanda, omba ruhusa. Kuna shosho wengine bado hawataki liguswe.