Acheni Chupa Zilezile Mezani

Mwandishi aliyedai kwamba kuchora vyungu na matunda yaleyale kila siku kwa rangi za maji ni uvivu wa fikra amekosea, tena vibaya. Mchoraji Giorgio Morandi, aliyefariki mwaka 1964, alitumia miongo kadhaa mjini Bologna, Italia, akichora chupa na makopo yaleyale. Katika picha zake za mwisho za rangi za maji, mara nyingi karatasi iliyoachwa tupu ndiyo inayosimama kama chupa. Uthubutu huo haupatikani kwa kurukia mada mpya. Rangi ya maji haisamehe: ukichelewa, karatasi imekauka, ukiwahi, rangi zinavujiana. Mkono huujua wakati mwafaka kwa kurudia tu. Kumshauri mwanafunzi abadilishe vitu kila wiki ni kumnyima mazoezi hayo.