Shida Haikuwa Sokwe

Juzi kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, anko mmoja aliandika: "Vijana wa siku hizi hawajui habari, wanajua vichekesho vya TikTok tu." Mashangazi wakajaza emoji za makofi. Mimi nikanyamaza, si kwa heshima, ni vile jibu langu lilikuwa refu. Ndilo hili.

Anko, hebu twende New York, Januari 14, 1952. Siku hiyo NBC walianzisha Today, kipindi cha asubuhi cha habari, hali ya hewa, mahojiano na mzaha kidogo, mtangazaji akiwa Dave Garroway. Elizabeth alikuwa bado hajawa malkia. Hilo lilimpata wiki tatu baadaye akiwa hapa hapa Kenya. Ni kitambo hivyo. Mwanzoni kipindi kilisuasua, wenye matangazo ya biashara wakakikwepa. Unajua nani alikinyanyua? Sokwe mtu. Walimleta 1953, jina J. Fred Muggs, wakamvisha nguo na kumkalisha karibu na Garroway. Watazamaji wakaongezeka, pesa zikaingia.

Kwa hivyo ile stori ati zamani habari zilikuwa habari, suti na tai, hakuna mchezo? Zii.

Juni 2, 1953, Elizabeth anavishwa taji London, na NBC wanamwonyesha Muggs kwenye matangazo ya siku hiyo. Waingereza waliwaka! Maneno yakafika hadi Bungeni, na waliokuwa wakipinga runinga ya kibiashara kule wakapata silaha. Sasa angalia vizuri. Kelele haikuwa kwamba kuna uongo umesemwa. Kelele ilikuwa sokwe amekaribia taji. Na chini ya taji hilo hilo, Kenya ilikuwa kwa hali ya hatari, Jomo Kenyatta ameshahukumiwa Kapenguria tangu Aprili.

Kuna watu hujali habari imevaa nini kuliko imesema nini. Walikuwepo 1953, na wako kwa grupu yetu ya familia.

Maana kumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuja kwa Kiingereza cha mawakili. Kodi ya asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 kwa magari, nani alitufafanulia hadi tukaelewa? Ni vijana na simu zao, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, wengine wakicheza densi. Anko mwenyewe alijua ya magari kupitia video niliyomtumia. Hakusema asante, lakini alii-forward.

Haya, wasee, mkimaliza kumcheka anko, geukeni huku. Hii sehemu ni yetu.

Juni 18 kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kwamba kodi ya mkate imetolewa kwa mswada. Mimi nilikuwa nimeshapika kichekesho cha mkate, kitamu kweli, na sikutaka kukitupa. Nikakiweka siku mbili baadaye kama vile kodi bado iko. Ikavuma kuliko kitu chochote nimewahi kutoa. Kesho yake nikaweka marekebisho. Hata mathe hakuyatazama.

Hiyo siku nilielewa shida. Si kuchekesha. Shida ni pale kicheko kinapoanza kuamua ni ukweli gani utasemwa na upi utaachwa. Sokwe akikaa kando ya mtangazaji, sawa, anatuita mezani. Akishika maikrofoni, tumekwisha. Na watu walikufa mwezi ule wakiandamana. Kitu watu wanakifia hakistahili kusemwa nusu nusu kwa sababu nusu ile nyingine haichekeshi.

Kwa hivyo sasa nina kipimo kimoja kabla ya kuweka video. Natoa utani wote, naangalia kimebaki nini. Kikibaki kitu cha kweli, naweka. Kisipobaki kitu, naiita kwa jina lake, komedi, na siandiki "habari" juu yake. Nikikosea, marekebisho nayafanya kwa bidii ile ile na vichekesho vile vile, si kwa maandishi madogo pale chini.

Anko, ukitaka kutukosoa, tukosoe hapo. Uliza kama tumesema ukweli. Densi tuachie.