Kura ya posta na siasa za vyama mkoani Simiyu

Kura ya posta ni utaratibu unaomwezesha mpiga kura kupokea karatasi ya kura kwa njia ya posta na kuirudisha bila kufika kituoni. Nchini Tanzania utaratibu huo haupo. Kwa kawaida raia hupiga kura katika kituo alichojiandikisha. Mkoani Simiyu, wenye makao makuu mjini Bariadi, suala hilo linagusa hasa wafugaji, vibarua, wafanyabiashara na wanafunzi wanaokuwa mbali na kata zao siku ya uchaguzi.

Hali ya mkoa

Simiyu ilianzishwa mwaka 2012 kutoka mkoa wa Shinyanga. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,140,497, wengi wao Wasukuma. Wafugaji wa Kisukuma wamehamia kwa wingi mikoa kama Katavi, Morogoro na Lindi wakitafuta malisho. Aliyehama anaweza kuhamisha taarifa zake wakati wa uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura; anayesafiri baada ya hapo hupoteza kura yake.

Athari kwa vyama

Mwaka 2010 CHADEMA ilishinda majimbo ya Maswa Mashariki, Maswa Magharibi na Meatu, na John Cheyo wa UDP akashinda Bariadi Mashariki. Mwaka 2015 CCM ilitwaa majimbo yote ya mkoa. Kwa hiyo kura za wasiokuwepo zinaweza kuwa na uzito pale ushindani unapokuwa mkali.

Hata hivyo, si lazima zinufaishe chama kimoja. Nchini Marekani, utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu majimbo ya California, Utah na Washington haukuona kwamba kumtumia kila mpiga kura karatasi kwa posta kuliongeza sehemu ya kura za chama chochote.

Suala la imani

Tanzania bara kura huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala wa vyama. Kura inayosafiri kwa posta ingetoka machoni mwao, na wakazi wengi wa vijijini hawana sanduku la posta. Zanzibar, kura ya mapema ya tarehe 27 Oktoba 2020, iliyokusudiwa watumishi wa uchaguzi na vyombo vya usalama, ilipingwa na ACT-Wazalendo kwa hofu ya udanganyifu.

Aidha, njia ya kupiga kura haiwezi kuongeza majina kwenye karatasi. Mwaka 2025 CHADEMA haikushiriki uchaguzi mkuu, na Luhaga Mpina, aliyekuwa mbunge wa Kisesa wilayani Meatu, alienguliwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi asigombee urais kupitia ACT-Wazalendo. Kwa wafuasi wao, kura ya posta isingebadilisha chaguo walilokosa.