Mastaa wa Magari ya Kulala, Tuonesheni Buti Kwanza

Wadau, mjini kuna wimbi jipya. Ukiwa staa na huna video ya safari ndefu ndani ya gari la kulala, bado hujafika. Inachukuliwa Noah au Hiace, viti vya nyuma vinang'olewa, kinawekwa kitanda, shuka jeupe na taa za kamba, halafu safari ya kusini inaanza: Songea, Peramiho, Kigonsera, Mbinga, mpaka mchanga wa Mbamba Bay. Lami ipo, Ziwa Nyasa linameremeta, likes zinamiminika. Hapo sina neno. Ruvuma ni nzuri na ilichelewa sana kupewa sifa zake.

Ishu yangu iko chini ya kitanda.

Kuna dada mmoja, jina tunaliacha, mwenye bando lake anamjua. Kwenye video yake kitanda kimeoneshwa mpaka basi, buti limeonekana sekunde mbili tu. Zilitosha. Mtungi wa gesi umelazwa, juu yake begi la viatu, ubavuni dumu la petroli, na dumu la maji limeegemea mlango. Hakuna kilichofungwa hata kwa kamba ya katani. Watu chini wanaandika "maisha ndiyo haya!"

Wazungu wenye magari haya sehemu hiyo ya mizigo wanaiita gereji. Kwetu gereji ni kwa fundi, na ukipakia namna ile, ndiko utakakoishia ukiwa na bahati.

Tuongee ukweli. Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi. Unatoka kwenye milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, unashuka mpaka ziwani, kwenye mita 475 hivi. Ni kona na mteremko. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Ukikanyaga breki ghafla gari linasimama, dumu halisimami. Linakuja mbele, na mbele umekaa wewe.

Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitafuti dirisha, inatulia sakafuni, yaani chini ya godoro lako. Ndiyo maana mtungi unasimama wima, unafungwa kwa mkanda, unakaa kwenye kiboksi chake chenye tundu chini la kutolea hewa nje ya gari, na safarini unafungwa koki. Petroli haikai humo kabisa, hata lita moja.

Cha kuchekesha, walimu wa kupakia wapo barabara hiyo hiyo. Mwangalie konda wa basi linalotoka Songea kwenda Mbinga. Mzigo wa Mbinga unaingia kwanza, wa Kigonsera unaingia mwisho, kwa sababu wa Kigonsera ndio unashuka mapema. Magunia chini, vitu laini juu, trei ya mayai anaishika mwenyewe.

Gari la kulala linataka akili hiyo hiyo. Vizito kama maji, betri na kreti ya vyakula vinakaa chini kabisa, karibu na tairi za nyuma kwa upande wa mbele. Ukivirundika mlangoni, nyuma ya tairi, mkia wa gari unalala, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kwenye kona. Nguo na mablanketi juu. Jeki, spana, tochi, pembetatu ya barabarani na boksi la huduma ya kwanza vikae mlangoni, uvifikie bila kushusha kitanda. Pancha ya saa mbili usiku na mvua haitakusubiri utoe viatu jozi kumi na mbili.

Na huhitaji vifaa vya kuagiza nje. Kreti tupu za soda, ndoo zenye mifuniko, mbao mbili za kugawa vyumba na mikanda ya kufungia mizigo, umemaliza.

Mastaa wengi wakipita Umatengo wanarusha drone juu ya yale mashamba ya ngoro, wanaandika "nature", wanaondoka. Wangeuliza. Wamatengo wanachimba mashimo kwenye mlima mkali na kulima kwenye matuta yanayoyazunguka. Mvua ikinyesha, maji yanatulia mashimoni na udongo haukimbilii bondeni. Mteremko mzima umegawiwa vyumba vidogo ili kitu kisihame. Buti lako nalo linapita kwenye mteremko. Ligawe.

Najua mtasema, "Muache dada wa watu, wivu tu, ile ni maudhui." Sawa. Ila yeye nyuma yake kulikuwa na gari la pili lenye dereva na timu nzima, tumeliona kwenye kioo. Anayemuiga hana hilo gari. Ni kijana wa Makambako au Mbagala, ameazima Noah ya shemeji, amepakia washkaji wanne, na amejifunza kupanga mizigo kutoka kwenye ile video. Ameiga alichooneshwa, na alichooneshwa ni shuka.

Kwa hiyo ombi langu kwa mastaa ni dogo sana: kabla ya kitanda, tupeni sekunde kumi za buti. Mtungi umesimama, dumu limefungwa, jeki inaonekana. Hiyo nayo ni kiki, tena ya bure, na kuna mtu atafika ziwani mzima kwa sababu yake.

Wewe unaonaje, mdau? Nawaonea, au na wewe uliliona lile buti?