Nikahi Ughaibuni: Kalamu ya Sheikh Si Kalamu ya Kadhi

Mwezi uliopita dada yangu aliniita kwake Kibokoni, hapa Mombasa, nikawakuta wageni wamekwisha kula halua na kunywa kahawa. Walikuja kuposa. Binti yake yuko Leicester, Uingereza, anasomea uuguzi, na kijana aliyempenda kazaliwa huko huko, ila babu zake ni watu wa Lamu. Mahari yalikwisha kutajwa na siku ilikwisha kuchaguliwa. Nikahi itasomwa Leicester, wakasema, sebuleni kwa ami yake kijana. Sheikh yupo, mashahidi wapo, na sisi huku tutatazama kwa simu.

Baba yake binti ni marehemu, na walii ni kaka yake, ambaye alikwisha kuridhia. Mimi ni mjomba tu, na kazi ya mjomba siku kama hiyo ni kungoja biriani. Hata hivyo niliuliza: "Na serikali ya huko mmeiarifu?" Mzee mmoja katika wageni akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, sheikh akisha kuoza ameoza. Serikali ya nini tena?"

Jawabu lile si la kuchekwa, ndugu msomaji. Kwa mtu wa Pwani ni jawabu la haki kabisa. Sisi tumelelewa katika nchi ambamo kadhi ni mtu wa dini na mtu wa serikali kwa pamoja. Tangu 1906 palikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu. Mwaka 1963, ilipoamuliwa kwamba ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar utaingia Kenya, mahakama za kadhi zilikuwa katika mambo yaliyoahidiwa kulindwa. Katiba ya 2010 imezitaja katika kifungu cha 170, na Sheria ya Ndoa ya 2014 imeiweka ndoa ya Kiislamu katika orodha moja na ya Kikristo, ya Kihindu, ya kimila na ya serikali. Basi hapa kwetu nikahi ni ndoa mbele ya Mungu na mbele ya korti. Tumezoea hivyo hata tukadhani kwamba kalamu ya kila sheikh, popote aendapo, ina wino ule ule.

Uingereza haina. Huko sheria haimuulizi mwenye kuoza ni nani, bali huuliza ndoa imefungwa katika jengo gani, na kama serikali iliarifiwa kabla. Wanaotaka kuoana hwenda wenyewe kwa msajili, kila mmoja na pasipoti yake na ushahidi wa anakokaa, na aliyekwisha kuoa au kuolewa aonyeshe karatasi kwamba ndoa ya kwanza imekwisha. Kisha hungoja siku 28. Akiwa mmoja wao ni mgeni asiye na ukaaji wa kudumu, taarifa yaweza kupelekwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na siku 28 zikafanywa 70. Umri ni miaka 18. Tangu Februari 2023 hata ruhusa ya wazazi haimfai wa miaka 16. Msikiti waweza kuandikishwa uwe mahali pa kufungia ndoa ya sheria, lakini ni misikiti michache iliyofanya hivyo, na sebule ya mtu haiwezi. Ofisini kwa msajili nako ibada ya dini hairuhusiwi. Ndiyo maana Waislamu wengi wa huko hufunga mara mbili, nikahi siku moja na ya serikali siku nyingine. Mayahudi na wale Wakristo waitwao Makweka waliachiwa utaratibu wao tangu sheria ya 1753. Waislamu hawakuwapo wa kuombewa hapo, na mlango huo haukufunguliwa tena. Tume ya Sheria ya huko ilitoa ripoti mwaka 2022, ikashauri kwamba litazamwe zaidi la mwenye kuoza kuliko jengo.

Niliwasimulia wageni wale kesi moja, na hapo ndipo vikombe vilipowekwa chini. Mwaka 1998 mume na mke walifunga nikahi katika mkahawa mjini London, imamu akiwapo na watu wakihudhuria. Walikubaliana kwamba ya serikali itafuata. Mke alikumbusha, mume akaahirisha, na miaka ikapita. Walipata watoto wanne. Mwaka 2016 mke akaenda kortini kutaka kuachana kwa sheria, na mume akajibu kwamba hapana cha kuachana, kwani hawakuoana. Jaji wa Mahakama Kuu alimhurumia mke mwaka 2018, akasema ndoa ile ilikuwa batili. Na batili kwa sheria yao ni jambo la afadhali, kwa maana mwenye ndoa batili bado aweza kudai sehemu ya mali. Lakini Februari 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua. Ilisema ile haikuwa hata ndoa batili. Ilikuwa sherehe isiyofikia sheria.

Tazama basi uzito wake. Mwanamke aliyeishi na mumewe karibu miaka 20, jirani wote wakimwita mke wa fulani, akatoka kortini bila haki ya mke katika mali. Watoto wana haki zao kwa baba yao, hilo halina shaka. Yeye atadai kama mtu yeyote aliyechangia nyumba, alete risiti. Na mume wa namna hiyo akifa bila wasia, mke hana fungu la mjane katika sheria ya nchi ile. Amebaki na huruma ya mashemeji, au aingie kortini kuombaomba. Nasema wazi kwamba kosa la kwanza ni la mume aliyeahirisha. Lakini wazee waliokula pilau siku ile bila kuuliza cheti nao wana sehemu yao.

Sasa liko jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililoniletea matumaini pale barazani. Sheria hiyo hiyo ya Uingereza huipokea ndoa ya nje kwa kuangalia kama taratibu za nchi ilikofungwa zilitimizwa. Nikahi iliyofungwa Mombasa kwa sheria ya Kenya, na wawili hao wakawa huru kuoana, Uingereza ni ndoa kamili. Isiyotambuliwa ni ile ya sebuleni Leicester, japo maneno ni yale yale! Ila asiyedhani ni njia ya kupitishia mke wa pili: mwenye makazi yake ya kisheria Uingereza hawezi kuongeza mke ingawa aje kumwoa Lamu.

Talaka nayo ina mkasa wake. Mume aliye Uingereza akitamka talaka huko, sheria ya huko haihesabu kitu. Talaka ndani ya nchi ile ni ya korti yao. Talaka iliyopitia kwa kadhi huku yaweza kutambuliwa, kama mmoja wao ni raia au mkaaji wa Kenya. Asiye na karatasi ya kadhi, akitaka kuolewa tena huko, atamwonyesha msajili nini?

Na tusidhani taabu hii ni ya nchi za Wazungu tu. Oman ni nchi ya Kiislamu, na ndugu zetu wangapi wameoza mabinti huko! Lakini kwa sheria ya 1993 Muomani hakuruhusiwa kuoa mgeni bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Nikahi ilikuwa sahihi kwa Mungu, na mke alibaki Mombasa akingojea kibali. Sheria ile ilifutwa Aprili 2023, lakini wenye nyadhifa fulani wangali na masharti yao, na hati ya ndoa ya nje bado yataka mihuri.

Huku kwetu pia tuna lawama. Wako masheikh waozao bila idhini ya msajili, na wako wazazi wanaopokea kipande cha karatasi ya chuoni wakakitia sandukuni, wasiende kwa kadhi mpaka siku ubalozi utakapotaka cheti.

Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nauli ya ndege ya kijana na wazazi wake mpaka Mombasa ni kiasi gani. Binti naye alipiga simu usiku, akasema, "Mjomba, mimi nataka cheti kwanza, wapende wasipende." Dada yangu amewapelekea habari kwamba ama nikahi iwe hapa na iandikishwe kwa kadhi, ama waende kwa msajili wa Leicester kabla ya siku ya sebuleni. Tunangoja jibu lao.