ASKARI WA MTOTO MCHANGA



Si kila kijidudu ni adui. Tumboni mwa mtoto vimo vijidudu vyema, vinavyowafundisha askari wa mwili kumjua adui. Askari wasiofundishwa huweza kupigana hata na vumbi au chakula. Hapo ndipo pumu na mzio hupata njia.

Vijidudu hivyo hulishwa na maziwa ya mama. Mwaka 2022 wataalamu walieleza kuwa watoto wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi bado wanavyo vya aina iliyo adimu huko nchi tajiri.

Sasa sisi akina baba, mzazi hajamaliza mtori tunamtuma kuchuma kahawa, mtoto anaachiwa uji! Tuache. Miezi 6 maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Antibayotiki tusinunue ovyo dukani, zinaua hata vijidudu vyema. Kahawa tuchume wenyewe.

Katibu