Saa za Alasiri Katika Shule za Sekondari

Mtu apitaye karibu na shule zetu nyingi za sekondari saa tisa alasiri, hasa katika miezi ya kuelekea mtihani wa kidato cha nne, haoni mpira uwanjani wala hasikii kwaya ikifanya mazoezi, bali huona madirisha yaliyojaa vichwa vilivyoinamia madaftari, na mwalimu aliyesimama tangu asubuhi akinakili ubaoni maswali ya mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake. Jambo hili limepewa majina ya heshima, kama vile kambi ya kitaaluma na masomo ya ziada, nao wanaolisimamia aghalabu ni watu wenye nia njema na bidii isiyo na shaka. Lakini nia njema haitoshi kulihalalisha, kwa sababu shule iliyokwisha kuitwaa alasiri ya mwanafunzi, ikamwondolea shamba, mdahalo, mchezo na maigizo ili imwongezee saa za kunakili, imepunguza elimu yake kwa kadiri ile ile iliyodhani imeiongeza.

Siwalaumu wazazi. Mzazi ambaye cheti cha mwanawe ndicho urithi pekee awezao kumwachia hana budi kukithamini, na mkuu wa shule ambaye kila mwaka huitwa kikaoni aeleze kwa nini daraja la kwanza limepungua hana nafasi ya kuifikiria kwaya. Baraza la Mitihani la Tanzania lilitenda tendo la busara Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne bila kuzitangaza shule kumi bora kama ilivyokuwa desturi. Hata hivyo tabia ya kushindanisha shule kwa wastani wa alama imekwisha kuota mizizi katika fikra zetu, nayo haing'oki kwa tangazo moja.

Wala si kwamba taifa hili halikupata kuonywa. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka mitihani ishushwe kutoka katika enzi iliyokalia, na shule ziwe na mashamba au karakana za kuzichangia gharama zake. Fauka ya hayo, na hili wengi hulisahau, alitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika kupanga kazi, hesabu za mapato na matumizi ziwekwe sawasawa, na ziada ikipatikana wawe na sauti juu ya matumizi yake. Katika shule nyingi kilichosalia cha fikra hiyo kubwa ni herufi mbili tu, EK, ambazo kwa mwanafunzi maana yake ni jembe na fyekeo. Tena jembe hilo limefanywa adhabu: aliyechelewa mstarini hufyeka majani nyuma ya vyoo, na aliyesikiwa akisema Kiswahili uwanjani humwagilia bustani mpaka jua lizame. Kijana aliyeonyeshwa kwa miaka minne kwamba kazi ya mikono ni malipo ya kosa, akimaliza shule akaikimbia, tusimwite mvivu. Amefuzu somo tulilomfundisha.

Ilhali shamba likishikwa kwa akili ni darasa adhimu. Chukua ekari moja ya mahindi. Wanafunzi huvuta kamba iliyotiwa fundo kila baada ya sentimita 30, wakaihamisha mstari hadi mstari kwa umbali wa sentimita 75, mmoja akishika kigingi upande huu na mwenziwe upande ule, na wa tatu akifukia mbegu moja penye kila fundo. Mwalimu wa hesabu akiwauliza hapo hapo ekari yao itachukua miche mingapi, watatafuta kwanza eneo la mche mmoja kwa kuzidisha vipimo hivyo viwili, kisha watagawa kwa eneo hilo mita za mraba 4,047 za ekari nzima, na jibu litawajia karibu miche 18,000. Mahindi yakiota, na wahesabu tena. Wataona tofauti baina ya hesabu ya daftari na hesabu ya shamba, nao watalazimika kuitafutia sababu: mbegu mbovu, panya na ndege, au mkono wa mwenzao uliofukia kina kirefu mno kwa sababu ya haraka. Kuichunguza tofauti hiyo ni biolojia, kuiandikia taarifa ni lugha, na kukadiria hasara yake kwa bei ya gunia ni biashara. Wala hakuna hata moja kati ya hayo lisilomo katika mihtasari ya masomo yao.

Lakini nililokusudia hasa kulisemea ni mdahalo. Meza inasogezwa mbele ya bwalo, mwenyekiti anaketi na katibu wake, mtunza muda anashika kengele, na pande mbili zinatazamana. Mwanafunzi aliyepangiwa upande asioupenda inambidi azitafute hoja za mtu asiyekubaliana naye, azipange, kisha azitetee kwa staha mbele ya wenzake. Yumo katikati ya sentensi, mara sauti inapazwa upande wa pili: "Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti!" Papo hapo hana budi kunyamaza, kusikiliza aliyosahihishwa, na kuamua mbele ya umati kama taarifa ile anaipokea au haipokei, na kwa sababu gani. Katika dakika hiyo moja amejifunza kusikiliza, kupima ushahidi na kukubali kusahihishwa bila kufedheheka, mambo ambayo karatasi ya mtihani haiwezi kuyapima.

Laiti wangalipata fursa hiyo wote! Shule nyingi zimeamuru kila mdahalo ufanywe kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na matokeo yake ni kwamba vijana wanne au watano wenye ulimi mwepesi hubishana wao kwa wao, na mamia waliobaki hupiga makofi kwa mambo waliyoyaelewa nusu nusu, wakiogopa kuchekwa kwa kosa la sarufi. Kiingereza kifundishwe, tena kwa uhodari. Lakini wiki moja ya mdahalo iwe yake na wiki ya pili iwe ya Kiswahili, na hapo tutastaajabu kuona ni akili ngapi zilizokuwa zimekalishwa kimya katika viti vya nyuma.

Ipo pingamizi moja yenye uzito wa kweli. Katika shule za kutwa wapo wanafunzi wanaotembea mwendo mrefu kurudi makwao, na kuwaweka shuleni mpaka magharibi, hasa wasichana, ni kuwatia hatarini. Kwa hiyo sisemi shughuli hizi ziongezwe juu ya siku iliyokwisha kuwa ndefu. Nasema ziingizwe ndani ya ratiba, alasiri mbili za kila wiki, madarasa ya mitihani yakiwemo, na kambi za kunakili ndizo zipishe.

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, umefungua mkondo wa amali kando ya ule wa elimu ya jumla, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini shule za mkondo wa jumla zisidhani kwamba kwa sababu hiyo zimesamehewa kazi ya mikono. Wathibiti ubora wa shule wanapozikagua, na waombe, pamoja na maandalio ya masomo na daftari la mahudhurio, kitabu cha hesabu za shamba kilichoandikwa na wanafunzi wenyewe, na kumbukumbu za midahalo ya muhula. Na shule isiyokuwa navyo, hata ikiwa na ufaulu wa kusifika, iandikwe katika taarifa kuwa haijatimiza wajibu wake.